Kaa Mbele Kidogo

Ukimwamkia Fundi shikamoo, kabla hajaitikia marahaba alikuwa ameshakupima. Macho yake yalianzia mabegani, yakashuka tumboni, yakaishia miguuni, kisha akataja kilo zako mbele za watu. Hakuwa na mzani na hakuuhitaji. Wauza vipuri wa Gerezani walikuwa wanamletea mtu makusudi, wamemshika mkono kama wamekamata mwizi: "Fundi, huyu je?" Fundi anataja namba. Yule mtu anabisha, anaenda kupanda mzani wa kijana anayepimia watu karibu na kituo cha mwendokasi, anarudi kimya. Wenzake wanamaliza kazi kwa kicheko.

Mimi alinipima siku ya kwanza nikiwa nimebeba sufuria la maharage la mama, mikono yote miwili imeshikilia masikio yake ya moto, siwezi hata kujificha. Namba aliyoitaja sitaiandika hapa. Labda nikifika mwisho.

Wapo waliosema ametokea Mafia, wapo waliosema Rufiji. Yeye hakusema, na hakuna aliyemuuliza mara mbili. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye kofia ya kufuma iliyokuwa nyeupe zamani, na vidole ambavyo oili ilikuwa imevihamia moja kwa moja. Alikula sana. Mama alikuwa akimwekea wali mpaka sahani inafurika, na bado akaomba ukoko. Chakula kile kilienda wapi mwilini mwake, hatukujua.

Kazi yake ilikuwa mashine za boti, zile ndogo za kufunga nyuma kwa nje, zenye propela chini na mkono wa kuongozea juu. Mafundi wa mashine hizo wapo wengi Gerezani, lakini wengi wanatengeneza zisizowaka. Yeye aliletewa zinazowaka vizuri, ila boti yenyewe haiendi sawa. Inanyanyua pua mpaka dereva haoni mbele. Au inainamisha pua, inalima maji na kulowesha abiria. Au inarukaruka juu na chini kama mbuzi aliyefungwa kamba fupi. Wenye boti walikuja wameshaamua kwamba mashine ni ndogo, wanataka kubwa zaidi. Fundi aliwauliza swali moja tu.

"Mnakaa wapi?"

"Mimi nakaa Ilala, huyu Kigamboni."

"Sijaulizia nyumbani. Ndani ya boti mnakaa wapi?"

Hapo wakaanza kutazamana. Hakuna aliyekumbuka. Kila mtu alikaa alipopata nafasi, ndoo za barafu zilikaa zilipodondoka, na dumu la mafuta lilikaa nyuma kwa sababu mpira wake ni mfupi. "Basi mashine yenu nzima," alisema Fundi. "Wabovu ni nyinyi."

Mama yangu anapika kwenye kibanda kilichobanwa kati ya wauza springi na wauza ekzosi. Nilipomaliza darasa la saba nilibaki hapo, nikiosha vyombo upande wa nyuma ambako wateja hawaoni. Nilipenda upande wa nyuma. Mtaani naitwa Bonge, na mtu anayeitwa Bonge anajua kila kiti kabla hajakikalia, anajua kipi kitalia na kipi kitavunjika, na anachagua kusimama. Fundi alikuja siku moja mchana, kibanda kimejaa, akamwambia mama bila hata kushusha sauti:

"Dada, naomba huyu mtoto kesho asubuhi."

"Wa nini?"

"Nimpakie kwenye boti."

"Anajua nini yeye kuhusu boti?"

"Hajui kitu. Ni mzito na ametulia. Mimi nilikuwa natumia mifuko ya mchanga. Inachanika, inalowana, na haisikii ukiiambia isogee."

Wateja walicheka mpaka mmoja akapaliwa na wali. Mama hakucheka. Alifuta mikono kwenye kanga yake polepole.

"Mzee wangu, mimi nakuheshimu. Lakini mtoto wa mtu si mchanga."

Fundi alishangaa kabisa. Niliuona uso wake kupitia tundu la bati, na ule mshangao ulikuwa wa kweli. "Si ndiyo ninavyosema," alijibu. "Ni bora kuliko mchanga."

Nilikubali kwenda. Mama alidhani nimekubali kwa ajili ya ujira, lakini mimi niliwaza kwamba baharini kuna watu wachache.

Nilikosea. Mahali tulipojaribia boti, ng'ambo ya Kigamboni, mbali na njia ya meli za bandarini, kulikuwa na madereva, wachuuzi wa samaki, mafundi wa faiba na watoto wasioenda shule siku hiyo. Wote walisimama kutazama. Niliingia kwenye boti, na boti ikaniitikia, ikalala upande wangu kama inaninusa. Watu wakapiga makofi. Nilikaa kwenye ubao wa katikati nikaangalia vidole vyangu vya miguu, kwa kuwa hapo ndipo nilipokuwa najua kuangalia.

Fundi mwenyewe hakupanda. Alibaki ufukweni, suruali imekunjwa hadi magotini, maji yanamfika kwenye vifundo. Alimwambia dereva akimbize moja kwa moja, ageuze, arudi. Kwa kuwa mlio wa mashine unameza maneno, tulikubaliana ishara. Akiivua kofia na kuirudisha, nisogee mbele. Akiigandamiza kichwani, nirudi nyuma. Akiishika mkononi, nitulie nilipo. Kusogea ndani ya boti ndogo inayokimbia hakufanywi kwa kusimama. Unapiga magoti, unashika kingo, unatambaa. Kila nikitambaa fulana ilipanda mgongoni na suruali ikashuka, na nilijua dereva nyuma yangu anaona nini. Kofia ikavuliwa. Nikatambaa. Ikavuliwa tena. Nikatambaa tena mpaka karibu na omo, yaani ile sehemu ya mbele kabisa. Ndipo likatokea jambo ambalo hadi leo nalikumbuka.

Boti ilikaa.

Sijui niseme vipi zaidi ya hapo. Pua iliyokuwa imenyanyuka ilishuka taratibu, mlio wa mashine ukaacha kulalamika ukawa wimbo mmoja, maji yaliyokuwa yanapigapiga chini yakawa yanapita tu. Mwendo uliongezeka na dereva hakuwa ameongeza mafuta. Nilimsikia nyuma yangu akisema, "Duh." Kule ufukweni Fundi alikuwa ameishika kofia mkononi.

Mtaani watu hawakuwa wakinisogeza isipokuwa kwa kiwiko. Siku ile nilisogea mwenyewe na kitu kizima kikawa sawa. Lakini niseme ukweli, furaha haikukaa. Tuliporudi ufukweni mtoto mmoja aliuliza, "Bonge, ukishuka boti itapaa?" na nikarudia vidole vyangu vya miguu.

Fundi hakuwahi kuniita Bonge. Aliniita Farumi. Kwa muda mrefu nilidhani ni jina la mtu, pengine la mjukuu aliyempenda. Kisha nikamsikia akimweleza mteja kwamba farumi ni mawe au mchanga ambao mabaharia huweka tumboni mwa chombo kisicho na shehena ili kisipepesuke. Nilikaa na neno hilo siku nyingi. Sikujua kama nimeheshimiwa au nimetukanwa, na sikuwa mtu wa kuuliza.

Alikuwa na vitu viwili ambavyo havikutoka mfukoni mwake. Kimoja kilikuwa pini ya chuma, nene kama kidole. Mahali mashine inapoegemea ubao wa nyuma wa boti pana matundu yaliyopangana, na pini hupita kwenye tundu moja. Ukiiweka tundu la ndani, mashine inajikunja karibu na boti na pua inashuka. Ukiiweka tundu la nje, mashine inajitenga na pua inapanda. Ni hilo tu, na watu wengi waliendesha boti miaka mingi bila kuihamisha pini hata mara moja, wakidhani imewekwa pale na kiwanda kama amri. Kitu cha pili kilikuwa kabari za mninga, vipande vya mbao vilivyochongwa upande mmoja mnene na mwingine mwembamba. Hizo aliziingiza nyuma ya mashine pale matundu yalipomwishia.

Kabari hizo zilisambaa Gerezani nzima. Meza ya mama iliyokuwa inachechemea alipiga kabari. Mlango wa duka la ekzosi alipiga kabari. Jiko la gesi la jirani, kabati la muuza springi, mguu wa benchi la kahawa. Hakuomba ruhusa. Aliinama, akaweka, akagonga kwa kisigino cha ndala, akaondoka. Hata leo ukipita pale ukainama utaziona.

Na watu nao aliwapanga vivyo hivyo. Ndani ya mwendokasi, gari limejaa hadi mlangoni, alipaza sauti: "Wanene wawili mmesimama nyuma pamoja, mmoja aje huku katikati!" Mimi nilikuwa mmoja wa hao wawili. Gari zima liligeuka. Kuna msiba mmoja Ilala tulikwenda, watu wamekaa kwenye mabenchi ya kukodi, kimya, mjomba wa marehemu amekaa ncha ya benchi pamoja na wazee watatu wembamba upande wa pili. Fundi akamwinamia: "Kaka, hawa wenzako wakiinuka kula, wewe utaenda chini. Kaa katikati." Mjomba alimtazama kwa jicho baya. Watu wakasema mzee huyu hana adabu hata kwenye kilio. Nilitamani ardhi inimeze kwa niaba yake. Chakula kilipoletwa wale watatu wakainuka pamoja, na mjomba wa marehemu akaenda chini kama alivyoambiwa, miguu juu. Waliokuwa wanalia walikaza midomo isicheke. Fundi hakutabasamu. Alikwenda kumwinua, akamkung'uta vumbi, akamwonyesha katikati ya benchi.

Alikuwa na kauli yake: "Mzito hana kosa. Kosa ni la mahali alipokaa." Aliisema mara nyingi, na watu walinigeukia kana kwamba nimepewa zawadi. Kwangu haikuwa faraja. Mtu asiyeangaliwa hahitaji kuambiwa kwamba hana kosa.

Lakini huyu aliyempanga kila mtu, yeye mwenyewe hakupangika. Benchi la kahawa alikaa mahali pamoja tu, na akikuta pamekaliwa alisimama mpaka paachwe. Watu wakimuuliza, "Na wewe Fundi una kilo ngapi?" alijibu, "Mimi sipandi." Hakukubali kushikwa mkono wala kuinuliwa. Siku moja alikuwa anakagua propela, amesimama juu ya jiwe lenye ukungu, akateleza akaingia majini mzima na simu mfukoni. Sote tulikimbia. Alinyanyuka peke yake, kofia imemfunika macho, maji yanamtoka mikononi, akatukagua mmoja mmoja.

"Kuna aliyenishika?"

"Hapana, Fundi."

"Vizuri."

Alirudi kwenye propela. Simu haikuwaka tena.

Kidogo kidogo alianza kuniuliza. Dereva akirudi na boti, Fundi hakumuuliza dereva, aliniuliza mimi: "Umesikia nini?" Mwanzo nilitikisa kichwa. Baadaye nikagundua kwamba nilikuwa nasikia, ila si kwa masikio. Pua ikiwa nzito, ubao niliokalia ulivuta kushoto kama umeshikwa na mtu chini ya maji. Mashine ikiwa imejitenga mno, nilihisi propela inakunywa hewa kabla mlio haujapanda. Nikamweleza hivyo kwa sauti ndogo, naangalia chini. Fundi aliwageukia madereva wote akatangaza, "Matako ya Farumi yana akili kuliko macho yangu!" Nadhani alikuwa ananisifu. Kwa wiki nzima madereva waliyasalimia matako yangu kabla ya kunisalimia mimi. "Shikamoo mwalimu," walisema, wakiinamia upande wa nyuma.

Kuna mteja mmoja siwezi kumwacha. Alikuwa mfanyabiashara wa Kariakoo, mtu wa nguo nzuri, amenunua boti ya faiba ya kupeleka wageni visiwani. Alikuja na rafiki zake na miwani ya jua. Boti yake mpya ilikuwa inanyanyua pua kama inataka kuondoka duniani. Fundi akanipakia. Kofia ikavuliwa mara kadhaa, nikatambaa, boti ikakaa. Tuliporudi, yule bwana alinitazama kuanzia juu hadi chini, akasema:

"Kwa hiyo mzee, nikitaka boti iende vizuri, nisafiri na huyu bonge kila siku? Analipiwa tiketi ya watu wangapi?"

Rafiki zake walicheka. Madereva walicheka. Halafu Fundi akacheka, kicheko kikubwa, kichwa amekirusha nyuma, meno yake machache yote yanaonekana. Nilimtazama yeye peke yake. Wengine niliwazoea. Na mimi nikacheka. Nilijisikia nikicheka, nikaona aibu juu ya aibu, kama mtu anayeoga maji machafu.

Fundi alimaliza kucheka akafungua begi. Akahamisha pini tundu moja, akaondoa mashine, akaipiga kabari mbili nyuma yake, akashusha mashine kidogo mpaka lile bati lililo juu ya propela likalingana na tumbo la boti. Dumu la mafuta akalipeleka mbele kwa mpira mrefu. Kazi ile ilimchukua mchana wote, na yule bwana alikuwa ameshachoka na jua. Kisha Fundi akaniambia nibaki ufukweni. Boti ikaenda na dereva peke yake, ikageuka, ikarudi. Ilikuwa imekaa. Ilikaa vizuri kuliko nilivyoikalisha mimi.

"Umeona, Farumi?" aliniambia, maji yanatupiga vifundoni. "Unapanda ili nijue kinachokosekana. Nikishajua, nakushusha."

Nilitakiwa kufurahi. Nilisimama pale nikiitazama boti inayokwenda bila mimi, na moyo wangu ukaniuma kwa kitu ambacho nilikuwa nakichukia.

Alipopata kiharusi tulisikia kwa watu. Upande wa kushoto ulilala. Mwanawe wa kike, anayeuza vitambaa vya mapazia, alimchukua akakae kwake Kariakoo, ghorofa ya tatu, juu ya maduka ya mikoba. Mama alituma uji, mimi niliupeleka, na mara zote niliishia mlangoni. Binti alitoka, akapokea chupa, akasema kwa aibu, "Anashukuru. Lakini hataki kuonekana." Nilimwelewa kuliko alivyodhani. Nikashuka ngazi.

Miezi ilipita hivyo. Halafu asubuhi moja binti akaja kibandani kwetu, hajachana nywele vizuri. Hospitalini wamesema mzee lazima apelekwe mazoezi ya viungo, na akiendelea kukosa, mkono na mguu havitarudi. Lifti ya jengo imekufa tangu zamani. Kiti cha magurudumu hakipiti kwenye kona za ngazi. Ameleta wapagazi wa sokoni mara mbili, watu wa nguvu, mzee amewafukuza kwa fimbo. "Anasema hatabebwa," binti alisema. "Anasema afadhali mkono ufe."

Mama alinitazama. Nikavua aproni.

Chumba kilikuwa na kitanda na dirisha moja. Fundi alikuwa ameegemezwa kwenye mito, na alikuwa amelala upande, kama boti iliyopakiwa vibaya. Shikamoo yangu aliiitikia kwa mdomo uliokwenda pembeni. Macho yake yalianzia mabegani kwangu, yakashuka, kisha akayaondoa. Hakutaja kitu. Hilo liliniumiza kuliko siku zote alizotaja.

"Baba, amekuja kukushusha," binti alisema.

"Nipakiwe mgongoni? Mchana kweupe, Kariakoo hii, kama gunia la vitunguu?" Maneno yalimtoka yamelowa, lakini yalikuwa ya kwake. "Watu wote wale wananijua. Mpeleke akale, arudi kwao."

Binti akaanza kulia kwa kujificha, amegeukia dirishani. Mimi si msemaji. Nilisimama nikitafuta vidole vya miguu yangu, nikavipata, na kutoka huko chini nikasikia sauti yangu.

"Fundi, mfuko wa mchanga hausikii ukiuambia usogee. Mimi nasikia."

Nilidhani nimemtukana. Nikainua macho kidogo nikaona upande mmoja wa mdomo wake umepanda. Alikuwa anacheka kwa nusu iliyobaki.

"Geuka," alisema.

Nilipiga magoti kando ya kitanda na binti akampandisha. Nilipoinuka nilisubiri uzito. Haukuja. Nilikuwa nimekaza mgongo kwa ajili ya mtu, nikapata kitu kama koti lenye mifupa. Mkono wake mzima ulinishika bega. Mguu wake wa kushoto ulining'inia, ukawa unatuvuta sote upande huo.

"Tunalala kushoto," alisema shingoni kwangu. "Binti, chukua kanga, ikunje nene upande mmoja, iweke chini ya paja hili. Ndani zaidi. Hapo."

Tukaanza ngazi. Ngazi ya kwanza niliishuka nimesimama wima kwa kumwogopa, na uzito wake mdogo ukanivuta nyuma. "Pua juu," alisema. "Kaa mbele kidogo." Nikainama. "Mno, utalima maji." Nikapunguza. Kwenye kona alinigonga bega la kushoto, nikageuka kushoto. Watu waliokuwa wanapanda na mabunda ya nguo walitubana ukutani, wakatutazama, na nikasikia pumzi ya Fundi ikisimama hadi walipopita. Nikajua anafanya nini. Na mimi nimeishi hivyo, nikizuia pumzi hadi watu wapite. Nikatembea taratibu zaidi, tukawa tunaizuia pamoja. Mahali fulani katikati ya ghorofa ya pili nilihisi kitu nilichokifahamu. Hakikuvuta kushoto wala nyuma. Tulikuwa tumekaa.

Chini, mlango wa jengo unafungukia barabarani moja kwa moja. Kulikuwa na jua, mikokoteni, spika inayopiga kelele za bei ya mashuka, na watu kama maji. Bajaji ilikuwa inasubiri ng'ambo.

"Simama," Fundi alisema. Nilisimama kivulini. "Farumi."

"Naam."

"Nina ngapi?"

Nilikuwa najua tangu nilipoinuka kitandani. Niligeuza shavu, nikamwambia kwa sauti ndogo, yeye peke yake asikie. Kidevu chake kilikaa begani kwangu.

"Mimi nilikuwa nawanong'oneza watu?"

"Hapana, Fundi."

"Haya."

Nikavuka kizingiti. Muuza mikoba wa mlangoni, kijana ninayemfahamu kwa sura, aliacha kuita wateja. "Ebwana Bonge! Umembeba nani huyo?"

"Fundi wa boti," nilisema. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. "Kilo arobaini na sita."

Watu waligeuka. Mkono ulio begani ulinikaza, kisha ukalegea. Muuza mikoba akacheka, si kwa ubaya, akasema walichokuwa wanasema wote tangu nikiwa mtoto:

"Na wewe je?"

Nilitafuta vidole vyangu vya miguu. Sikuviona, maana nilikuwa nimeinama mbele kwa kipimo alichonipa, na kwa kipimo hicho macho yanaangalia barabarani.

"Mia na thelathini na moja," nilisema.

"Na mbili," Fundi alisahihisha shingoni kwangu, kwa nguvu, wasikie wote. "Mia na thelathini na mbili. Sasa kaa mbele kidogo, twende."

Nikakaa mbele kidogo, tukaingia kwenye watu.